Yalikuwa Maji ya Taulo, Lakini Nani Ataniamini?

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba usimame kidogo na uvue miwani, kwa maana nina tangazo. Kwa masikitiko makubwa nawatangazia ndugu, jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzangu wote kwamba nyonga yangu ya kushoto, iliyozaliwa siku moja na mimi miaka hamsini na minne iliyopita, imestaafu bila kutoa notisi. Haikuugua muda mrefu. Ilianza kwa kunung'unika ngazini, ikaendelea kunung'unika nikiinama kuokota soksi, na mwishowe ikagoma kabisa hadharani. Mnaombwa kuipokea habari hii kwa utulivu. Shughuli za nyonga ya kulia zinaendelea kama kawaida.

Haya, kaa sasa nikueleze.

Mimi ni dobi wa hospitali, tena dobi wa siku nyingi, nimefua mashuka ya watu waliozaliwa pale na sasa wanaleta watoto wao kuzaliwa pale. Kila mwaka wafanyakazi tuna siku ya michezo, na mchezo unaojaza watu uwanjani si mpira wala mbio za magunia, ni kuvuta kamba kwa wanawake, dobi dhidi ya jikoni. Mimi ndiye mvutaji wa mwisho, yule anayejizungushia mkia wa kamba mwilini na kuegemea nyuma kama mtu anayezuia mlango, na ndiyo sababu tangu ujana wangu pale naitwa Nanga, hata daktari mkuu akinipita kwenye ujia anasema, "Nanga, hujambo?" na nina hakika jina alilonipa baba yangu hajawahi kulisikia.

Sasa Mshauri, nyonga ilipoanza vituko vyake sikumwambia mtu, maana nilijua nikisema tu "nyonga" wataniletea kiti, na mtu akishaletewa kiti siku moja, kiti hicho hakiondoki tena, kwa hiyo nikajikaza kisabuni, nikawa napanda ngazi kwa kujifanya nasoma matangazo ukutani, nikisimama kila tangazo. Nyumbani sikufaulu. Mzee wangu ni seremala, naye aliponiona nashuka kitandani kwa awamu akasema, "Mke wangu, hiyo bawaba imelegea. Bawaba haifokewi. Hutiwa mafuta au hubadilishwa." Nikamwambia ashughulike na milango yake.

Lakini kwenye mazoezi kamba haidanganyiki. Wakivuta upande wa pili naona kabisa mguu wa kushoto unateleza kama haunijui, na wenzangu mbele yangu wanageuka kuangalia kuna nini huku nyuma, na huyo aliyekuwa akigeuka zaidi ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye naye yuko idara yetu ya dobi, upande wa pasi, mwanamke mkubwa, ana mabega kama kabati, na hacheki. Simsengenyi, nakueleza tu ili umjue: miaka yote hii sisi tukicheka mpaka tunashika mashine, yeye hukaza midomo na kugeukia pasi yake, amenyooka kama shuka lililotiwa wanga. Nikaamini anasubiri nianguke achukue mkia wa kamba, tena wakubwa wanasema wifi ni wifi hata akikuletea asali.

Hapo ndipo shetani aliponijia, na shetani wa madobi, Mshauri, anajua kufua. Kila dobi anajua kwamba taulo kavu ni mtoto mchanga, lakini taulo mbichi ni mzee mnene aliyelala. Nikachukua taulo mbili kubwa za wodi ya wazazi, zimetoka mashineni hazijakamuliwa, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni, nikajifunga kiunoni kwa kipande cha shuka, juu yake gauni pana la kazi, nikaingia uwanjani mzito kama mgeni asiyetaka kuaga. Kumbe dawa! Kamba haikunisogeza hata kidogo. Kibanio, msichana wetu wa kuanika, mwembamba lakini akishika kitu hakiachi, akapiga kelele, "Mama Nanga amerudi ujanani!" Nami nikaona haya kidogo, nikaona raha zaidi, nikaendelea mazoezi baada ya mazoezi.

Mpaka juma lililopita. Tulikuwa uani nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye sakafu ya saruji, tunavutana na wanaume wa bustani kwa mazoezi, Kibanio akaita "Vuta!", nikaegemea, kamba ikanibana kiunoni, nikasikia pwaa, mfuko ukapasuka. Maji yakashuka, Mshauri. Yakashuka miguu yote miwili mpaka viatuni, yakafanya dimbwi, na yalikuwa ya uvuguvugu kwa sababu mashine ilikuwa imetoka kufulia maji ya moto, na kwa kuwa jua lilikuwa halijapanda, dimbwi lile lilitoa hata mvuke.

Nilikuwa tayari kwa kicheko. Watu hawa walimcheka msimamizi wetu siku toroli lilipomchukua mteremkoni akiwa juu ya nguo chafu, wakamcheka tena aliporudi. Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Wanaume wa bustani wakakumbuka ghafla kwamba wana maua. Wifi yangu akaacha kamba, akachukua shuka kambani, akanifunika kiunoni, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, twende ndani. Ni kazi ngumu tu. Yanatokea."

Na mimi, badala ya kusema "Ni taulo," nikanyamaza!

Tangu hapo naishi kama yai. Kiti kimefika, kama nilivyoogopa, tena kimewekwa karibu na mlango wa msala. Kibanio ananinong'oneza kabla ya mazoezi, "Mama, umepita kule?" Ndani ya kabati langu la kazini nilikuta paketi ya pedi kubwa za watu wazima, imefungwa kwa gazeti, na najua ni wifi kwa jinsi gazeti lilivyokunjwa pembe kwa pembe. Jana wakaniita wote kwa upole wa kutisha, wakaniambia labda mwaka huu nipumzike.

Nifanyeje? Nikisema ukweli, mimi ni mwongo niliyewafanya wenzangu waegemee maji. Nikinyamaza, mimi ni bibi anayejikojolea, na naondolewa kwenye kamba kwa ugonjwa nisio nao huku ule nilio nao haujulikani. Na kuna jambo jingine ambalo nalisema haraka ili nisilisikie: nisiposhika mkia wa kamba, sijui nitasimama wapi. Watu wote wananijua kwa kazi hiyo. Mashindano ni mwisho wa mwezi.

Ni mimi,
Nanga Mbichi

*

Nanga Mbichi,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaguna, mara ya tatu nikatafuta kalamu, maana wewe unahitaji kuambiwa.

Kwanza, mama, unafanya kazi hospitali! Yupo daktari wa mifupa hapo hapo, koti lake unalifua wewe, bila shaka unajua hata mchuzi aliojimwagia mchana, halafu ugonjwa wa nyonga unauleta gazetini. Mimi natibu ndoa, majirani na wakwe wakorofi. Nyonga haimo kwenye orodha yangu. Mumeo seremala amekwisha kukupa ushauri bora kuliko huu nitakaokupa, nawe ukamrudisha kwenye milango yake. Mwombe radhi.

Pili, umenichekesha, lakini ulichofanya kingeweza kumvunja mtu. Watu wako walio mbele wanavuta wakijua nyuma yao kuna mtu mzima amesimama kwa miguu miwili. Ulikuwepo wewe kwa mguu mmoja na taulo mbili. Ungeanguka, ungewavuta wote chini, na nyonga hiyo ingekwenda kulala kwenye mashuka uliyoyafua mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nadhani hawakuwahi kufikiria methali yao ingetimia waziwazi namna hii.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Umeandika kwamba hakuna aliyecheka, na umeandika kana kwamba hiyo ndiyo aibu yenyewe. Rudi usome barua yako. Watu wanaocheka kila kitu, waliomcheka bosi mara mbili kwa toroli moja, walipodhani umepatwa na jambo la kweli walinyamaza, wakakufunika, wakakutafutia kiti, wakakuwekea pedi bila kukufanyia hotuba. Unaniuliza utasimama wapi ukiacha mkia wa kamba. Mama, hao ndio mahali pa kusimama. Wewe ulikuwa umewapa mgongo, kwa kuwa mvutaji wa mwisho huona visogo tu.

Na neno moja kwa wasomaji wengine, maana najua wapo wanaosoma ukurasa huu wakiwa wamekaza miguu: kuponyokwa na mkojo si kioja wala si laana. Huwapata wanawake waliozaa, huwapata wanaume, na jambo hilo lina daktari wake na mazoezi yake. Nanga ananiandikia kana kwamba kudhaniwa hivyo ni aibu sawa na kuitwa mwongo. Si kweli, Nanga. Mficha uchi hazai, na mficha ugonjwa hapoi.

Basi fanya hivi. Kesho panda ngazi, usisome matangazo, ingia kwa daktari. Akisema kamba basi, ni basi, usimwombe punguzo. Kisha, kabla ya mazoezi yajayo, simama mbele ya wenzako na zile taulo mkononi, useme ukweli wote kwa sentensi fupi, wakicheka uwaache wacheke, umewanyima siku nyingi. Halafu mkia wa kamba umkabidhi wifi yako mwenye mabega ya kabati, kwa mikono yako mwenyewe, mbele za watu, bila kununa. Usisimame nyuma yake kumrekebisha. Una pumzi ya kuandika sentensi ndefu kuliko kamba yenyewe, basi omba kazi ya kuita mvuto. Kuita hakuhitaji nyonga.

Na taulo za wagonjwa uzirudishe.

*

Mpendwa Mshauri,

Taulo nimerudisha. Hilo liwe la kwanza.

La pili, kwa daktari nilikwenda. Alinipiga picha, akanionyesha kiungo kilivyolika kama soli ya kiatu, akaniambia nitembee, nifanye mazoezi atakayonielekeza, na kamba niiage. Nikamwuliza, hata mwaka huu tu? Akasema, "Mama Nanga, hicho kiungo hakijui kalenda." Nikatoka, nikaenda kulia kidogo nyuma ya mashine ya kukausha, mahali ambapo hakuna kitu kinachobaki na unyevu.

Kisha nikasimama mbele ya wenzangu na taulo mbili zinazotiririka. Nikasema, "Jamani, maji ya siku ile ni haya hapa." Wakazitazama taulo, wakanitazama mimi. Kibanio ndiye aliyefika kwanza.

"Mama! Ulijifunga hizo? Ndani ya gauni?"

"Ndani ya gauni."

"Na sisi tukakupa kiti!"

"Na mimi nikakuombea kwa jina!" akasema mwingine. "Kikundi kizima cha maombi kimekuombea kibofu!"

Basi wakacheka kicheko chote walichokuwa wamekibana tangu siku ile. Mmoja aliketi ndani ya kapu la foronya, hakuweza kutoka. Nami nikacheka, maana nilikuwa nimewakosa sana. Lakini wifi yangu hakucheka. Alizima pasi, akatoka.

Nikamfuata nikichechemea waziwazi, kwa mara ya kwanza bila matangazo ya ukutani. Nilimkuta kwenye stoo ya mashuka safi, anakunja foronya zilizokwisha kukunjwa.

"Wifi, nisamehe. Nimekudanganya."

"Si hilo."

"Basi mkia wa kamba ni wako. Hata mshauri wa gazetini amesema."

"Mkia sitaki."

"Hutaki vipi, na mabega yote hayo? Si ulikuwa unageuka kila siku kuniangalia?"

"Nilikuwa naangalia mguu wako, ulikuwa unateleza." Akakunja foronya nyingine. "Wifi, zile pedi ulizozikuta kabatini, unadhani nilikwenda dukani? Nilizitoa kwenye mkoba wangu."

Sikuelewa, Mshauri. Akanitazama mpaka nikaelewa.

"Tangu nilipomzaa kitinda mimba," akasema. "Nikinyanyua kitu. Nikikohoa. Nikicheka ndiyo usiseme. Siku ile ulipomwagikiwa, Mungu anisamehe, roho yangu ilitulia. Nikasema sasa tuko wawili. Kumbe taulo."

Miaka yote nimekuwa nikisema wifi yangu ana maringo, hacheki na watu. Nimelisema kwenye harusi, nimelisema kwa kaka yake, nimekuandikia hata wewe. Kitinda mimba wake sasa ananyoa ndevu. Nilichukua foronya moja, nikashika pembe mbili, yeye akashika mbili, tukaikunja kama tunavyokunja shuka, ingawa foronya haihitaji watu wawili.

Asubuhi yake tulipanda ngazi pamoja, polepole, kila mtu na lake. Alipewa mazoezi ya kukaza misuli ya chini, akaambiwa yanahitaji miezi. Anayafanya akiwa anapiga pasi, na hakuna anayejua isipokuwa mimi, kwa sababu nyusi zake hupanda. Lakini mashindano hayakuwa na miezi, na bila mtu mzito mwishoni tungeburutwa mpaka jikoni kwenyewe.

Basi nikawaambia wenzangu, "Kwa kuwa mmenicheka vya kutosha, adhabu yenu ni hii: siku ya mashindano kila mtu atajifunga taulo mbichi, nje ya gauni, hadharani, ndiyo sare yetu." Walipenda kufa. Walidhani ni mzaha juu yangu, nami nikawaacha wadhani. Wifi alichukua taulo moja mbichi, akaipima uzito kwa mkono. Kisha akasema, "Mkia nitashika."

Siku yenyewe tuliingia uwanjani tunachuruzika wote. Mvutaji wa mwisho wa jikoni, tunayemwita Sufuria, akapiga kelele, "Refa! Hawa wamejiongezea uzito!" Refa alikuwa mtunza stoo, mtu wa kanuni. Akafikiri. "Kanuni inakataza viatu vya njumu na kujifunga kwenye mti," akasema. "Taulo haikutajwa." Basi jikoni nao wakakimbilia bomba wakalowesha aproni zao, na uwanja ukawa tope kabla hata ya filimbi.

Ukija hospitalini kwetu utaambiwa kwamba dobi tulishinda. Usiamini. Ukweli ni huu. Mvuto wa kwanza tulishinda, wifi akiwa ameegemea kama ukuta. Wa pili tulishindwa. Wa tatu, mimi nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mwitaji mpya, nikaona refa anainua filimbi nikadhani ameshapuliza, nikaita "VUTA!" kwa nguvu zangu zote. Wenzangu wakavuta. Jikoni walikuwa hata hawajaishika kamba sawasawa, wakaiachia, na timu yetu nzima ikaanguka chali kwenye tope, mmoja juu ya mwingine, wote juu ya wifi. Refa akatutoa kwa kuanza mapema. Kosa ni langu, nalikubali, na kiti changu cha karibu na msala nimeahidiwa kurudishiwa.

Kibanio alikuwa akiwavuta watu mmoja mmoja kutoka kwenye lundo, akamfikia wifi chini kabisa, akauliza, "Mama, umeumia?" Kisha nikasikia sauti ambayo tangu niolewe katika nyumba ile sijawahi kuisikia, nene, ya kukatika katika, kama gari la zamani linalowashwa. Wifi yangu alikuwa anacheka. Amelala kwenye tope, mdomo wazi, ameshika mbavu, taulo imemfunguka, maji yanamtoka kila upande, na anacheka bila kukaza chochote.

Nilimfikia nikichechemea. Barua hii ameisoma kabla sijaituma, amefuta mstari mmoja ulioeleza umri wake, na kuhusu hayo mengine amesema, "Waache wachapishe. Huenda kuna mwingine amejificha stooni na foronya."

Pale uwanjani niliinama kadiri nyonga ilivyoniruhusu, nikamnong'oneza, "Wifi, maji yote haya..."

"Usiniulize," akasema, huku machozi yakimtoka. "Hata mimi sijui yapi ni ya taulo." Akaendelea kucheka.